Taa ya Kushoto

Kijijini kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Dereva, basi. Baadaye vijana kadhaa walijifunza kuendesha gari, mdogo wangu akiwa mmoja wao, lakini hao waliendelea kuitwa kwa majina yao. Ukisema Dereva, hata mtoto anayechunga mbuzi alijua unamsema nani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi sitaeleza. Wapo wanaoyajua hayo na wanampenda, nami sitaki kuwaharibia. Mimi nilimjua kama mtu aliyekaa upande wa usukani, nami nikakaa kiti cha pili, miaka mingi, nikimwamini kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha. Bado nina hasira naye. Nalisema mapema, maana nikianza kusimulia mambo yake nitacheka, na msomaji anaweza kudhani yameisha.

Lori lilikuwa la kijiji, Bedford kuukuu lenye rangi ya buluu iliyochujuka. Liliteremsha kahawa mpaka Same na kupandisha chumvi, saruji, mafuta ya taa na watu. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ilikuwa miaka ile ya elimu ya kujitegemea, shule ina shamba, ina kuku, ina mizinga ya nyuki, kwa hiyo kila mara kulikuwa na kitu cha kufuata mjini. Kiti kile kikawa changu. Hata mwenyekiti wa kijiji alipotaka kukikalia, Dereva alimwambia kwa upole kwamba hicho ni cha Mwalimu, yeye akae nyuma na wananchi wake.

Alikuwa mpole wa mwendo kupita kiasi. Watu walisema unaweza kushuka kwenye kona moja, ukanunua ndizi, ukapatana bei, ukakata njia ya mkato kwa miguu na kulikuta lori kona ya pili linakuja. Hilo halikumuudhi. Alijibu kwamba tangu aanze kazi hajawahi kumpeleka mtu akiwa vipandevipande.

Na alikuwa na sababu, tena sababu ya kwetu. Barabara yetu ya mlimani ilichimbwa kwa msaragambo. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, jembe begani, na hakuna anayeuliza atalipwa nini. Hivyo ndivyo Wapare walivyofanya kazi za wote tangu zamani, kabla hatujafundishwa neno ujamaa mikutanoni. Mvua zikila barabara, pembe inalia tena. Dereva alikuwa akisema kwamba anayekimbiza gari kwenye njia ile anamwaga jasho la watu bondeni. Alinionyesha mawe yaliyopangwa pembeni, akaniambia hili alilibeba mama fulani akiwa na mtoto mgongoni, lile aliliviringisha mzee fulani ambaye sasa ni marehemu. Sijui kama alikuwa na hakika. Mimi niliamini yote.

Barabara yenyewe ilitosha gari moja. Sheria ya mlima haikuandikwa popote ila kila dereva aliijua: anayepanda na mzigo ndiye mwenye njia, anayeshuka anarudi nyuma mpaka apate upenu, mahali palipopanuka pa kupishana. Na kabla ya kona unapiga honi, unasubiri, unasikiliza. Dereva alizima injini kabisa ili asikilize vizuri. Abiria wageni walidhani gari limeharibika.

Kisa alichokipenda kuliko vyote kilihusu bwana mkubwa mmoja aliyepanda kutoka mjini kuja kutuhutubia, na siku hiyo akawa anarudi. Land Rover yake iliteremka ikakutana na Bedford lenye magunia ya saruji, katikati ya mwinuko. Dereva wa bwana mkubwa akapiga honi, akawasha taa kubwa, akatoa kichwa na kuuliza kama huyu mzee hajui nani yumo ndani ya gari. Dereva wetu akajibu kwamba anajua, na kwamba amefurahi kumwona. Kisha akazima injini, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua bakuli lake la makande na kuanza kula. Baada ya kitambo bwana mkubwa alishuka mwenyewe, akatazama mzigo, akatazama korongo, akamwambia kijana wake arudi nyuma. Dereva alipopita alisimama na kumkaribisha makande yaliyobaki. Alikisimulia kisa hiki kila safari, na kila safari bwana mkubwa alizidi kuwa mkubwa. Nilipokisikia mara ya kwanza alikuwa ofisa wa wilaya. Mwishoni alikaribia kuwa waziri.

Cha ajabu ni kwamba akishashuka garini alikuwa mtu wa pupa. Alikula upesi, aliongea upesi, alitembea kwa kasi mpaka mkewe akawa anamfuata kanisani akiwa nyuma sana, na ibada ikirefuka alianza kutikisa goti. Mkewe aliniambia mwanamume yule amezaliwa na haraka, na Mungu kwa huruma yake akampa lori ili ajifunze kutulia. Alikuwa Msabato wa kweli. Jumamosi lori halikutoka hata kama mtu anaumwa. Hapo watu walimbeba mgonjwa kwa machela. Serikali nayo ilipokataza magari yasiyo na kibali kutembea Jumapili kuanzia mchana, alifurahi, akasema sasa hata Serikali imeanza kumcha Mungu ingawa imekosea siku.

Akishafika kwenye lami, mambo yalibadilika. Kule juu hakuna anayekupita. Kwenye barabara kuu kila mtu alikuwa na haraka kuliko Bedford. Hapo ndipo taa zilipoanza kazi. Madereva walikuwa na lugha yao. Aliye mbele na mwendo mdogo anaona mbali, aliye nyuma haoni. Wa mbele akiwasha taa ya kulia, maana yake usipite, kuna kitu. Akiwasha ya kushoto, maana yake njia nyeupe, pita. Aliyepita anapiga honi mara moja kushukuru. Dereva wetu aliifanya kazi hii kama ibada. Alisogea kushoto mpaka matairi yanakanyaga kokoto, akainua shingo, akatazama, ndipo akabonyeza. Kijiti cha taa kililia tik, tik, tik. Mlio huo naujua kama ninavyoujua mlango wa nyumba ya mama yangu. Kuanzia Mwanga mpaka Hedaru, taa ya Bedford la buluu iliaminika, na madereva wa mabasi walipita bila kuchungulia. Walisema ukipewa njia na mzee yule, fumba macho upite.

Alilijua hilo, na lilimpanda kichwani. Aliyempita bila kupewa taa alikuwa adui yake. Alikariri gari lake, na wakikutana mwezi mwingine kwenye kituo cha mafuta alimfuata kumuuliza alikuwa anakimbilia msiba wa nani. Nilimtania kwamba barabara si yake. Alinijibu kwamba barabara si ya mtu, ila heshima ina mwenyewe. Nilicheka, na ningejua ningeyapima vizuri maneno yale.

Mdogo wangu alijifunza kuendesha kwenye Bedford hilohilo. Dereva alimfundisha bila kutaka chochote, akimchapa kofi mkononi kila alipokanyaga mafuta kwa nguvu. Kijana alikuwa mwepesi, na alipenda kasi kama wengine wanavyopenda ngoma. Alipopata kazi ya kuendesha Land Rover ya wataalamu wa mifugo, wale wanaoteremka kwenye mbuga kuchanja ng'ombe, alitimua vumbi mpaka wafugaji wakamtambua kwa vumbi lake kabla hawajamwona. Wawili hao walitaniana kila walipokutana. Mmoja anasema haraka haraka haina baraka, mwingine anajibu ngoja ngoja huumiza matumbo. Lakini mdogo wangu, pamoja na wazimu wake wote, hakuwahi kumpita mwalimu wake bila taa. Aliniambia angeona haya.

Siku yenyewe ilikuwa ya mchana mkavu. Nilikuwa nakwenda Hedaru kuchukua mbegu za mahindi za shamba la shule. Kabla ya Makanya, Land Rover ilitokea nyuma yetu, na Dereva akaitambua kwenye kioo. Akaguna kwamba mwanawe amefika na wazimu wake. Mbele kulikuwa na mwinuko mdogo, mkonge pande zote mbili. Akawasha taa ya kulia. Mdogo wangu akapunguza mwendo, akakaa nyuma yetu kwa utulivu kama mtoto wa shule kwenye mstari. Dereva alifurahi, akasema umeona, Mwalimu, amekua. Kisha akaendelea kunisimulia alichokuwa akinisimulia, kisa cha bwana mkubwa na makande. Alifika pale bwana mkubwa anapotazama korongo. Alikuwa akicheka, uso ameugeuzia kwangu. Na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kijiti. Tik, tik, tik. Taa ya kushoto.

Land Rover ikatoka nyuma yetu, ikapiga honi ya shukrani. Honi ile ilikuwa bado inalia trekta lilipochomoza kutoka kwenye njia ya shamba, likivuta tela la majani ya mkonge, na juu ya mzigo amekaa mtu. Mdogo wangu alikata kona kwenda kulia, akagonga tela, akaishia ndani ya mkonge.

Sitaeleza zaidi ya hapo, ila nitamtendea Dereva haki. Alikuwa wa kwanza kufika. Alimvuta mdogo wangu kutoka ndani ya gari, mguu umevunjika. Alimbeba yule mtu wa kwenye tela mpaka nyasini, akavua koti lake akamfunika, maana alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa mkata mkonge, kijana aliyetoka mikoa ya mbali kusini, na pale barabarani hakuna aliyelijua jina la baba yake. Dereva alipiga magoti kando yake akasema, "Nimemuua mtoto wa watu." Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka pale. Nilimshika bega. Wakati ule nilimwonea huruma kuliko nilivyomwonea mdogo wangu.

Kesi ilisikilizwa mdogo wangu akiwa bado anatembelea magongo. Alishtakiwa kwamba aliendesha kwa kasi na bila kujali akasababisha kifo. Nani angekataa? Kasi yake ilijulikana na kila mtu. Wafugaji, wauza maduka, hata wanafunzi wangu wangeweza kutoa ushahidi. Kitu kimoja tu kingeweza kumtoa kwenye uzembe na kumweka kwenye bahati mbaya, nacho ni kwamba alisubiri, akapewa njia, ndipo akapita. Wakili hatukuwa naye. Tulikuwa na Dereva. Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, Dereva atasema.

Nyapara wa wakata mkonge alikuja na wenzake, wakakaa mstari wa nyuma. Kabla ya kuingia aliniuliza swali moja, bila ukali, kwamba kijana wao walishamzika na hawataki ugomvi, wanataka tu kujua nani alimwambia mwenye Land Rover apite. Nilimwambia atalisikia humo ndani, kwa mdomo wa mwenyewe.

Mimi nilitangulia kutoa ushahidi. Nikaeleza taa ya kulia, nikaeleza taa ya kushoto, nikaeleza mlio wa kijiti. Niliulizwa mshtakiwa ni nani wangu. Nikasema ni mdogo wangu, tumbo moja. Nikaona kalamu ya hakimu inasimama.

Dereva akaingia, suti ya kanisani, akaapa kwa Biblia. Akaulizwa kama alimpa mshtakiwa ishara ya kupita. Akasema hakuwasha taa yoyote ila ya kulia, ya kumzuia. Akaulizwa vipi kuhusu maneno ya shahidi aliyetangulia, aliyekuwa amekaa naye. Hapo alinitazama. Sikuona uadui wowote machoni pake, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alinitazama kama baba.

"Mwalimu ni mtu mkweli," akasema. "Hawezi kudanganya. Ila siku ile alikuwa amesinzia."

Angeniita mwongo ningepiga kelele. Angesema ninamtetea ndugu yangu, ningejibu. Lakini alinifunika vizuri kwa heshima, kama alivyomfunika yule marehemu kwa koti, akanizika. Mahakama nzima ilinihurumia, dada mtu aliyepitiwa na usingizi, akaota taa. Hakimu alisema sheria haijui taa za madereva, anayepita atazame kwa macho yake, lakini kama kweli mshtakiwa angekuwa amepewa njia jambo hilo lingepunguza kosa lake. Bahati mbaya shahidi mwenye uzoefu amelikanusha. Mdogo wangu alifungwa, na leseni yake ikachukuliwa. Nyapara alipotoka nje hakuniuliza tena.

Nimejiuliza sana kwa nini. Kifungo hakikumtishia, hakimu mwenyewe alisema sheria haizijui taa zile. Kazi yake isingeguswa. Nadhani alishindwa kuishi akiwa mtu ambaye taa yake imewahi kukosea. Mikutanoni katibu wa kijiji alimtaja kama mfano wa mfanyakazi mwema, watoto walimwimba, mabasi yalimpita kwa macho yaliyofumba. Akapima jina lake na mwili wa mdogo wangu, akaona jina ni zito zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wa kwangu nilikuwa nimekaa naye kiti kwa kiti, nikila naye makande.

Sikupanda tena Bedford. Nilishuka Same kwa miguu kwa njia za mkato, na viatu vyangu vilijua gharama yake. Nikikutana naye nilimnyima shikamoo, jambo ambalo kwetu si dogo, tena kwa mwalimu anayefundisha watoto adabu. Mama alinikemea. Nilimwambia shikamoo yangu imesinzia.

Kijijini walijua nusu na kuamini nusu, lakini madereva walijua yote. Sijui walijuaje. Ndani ya mwaka mabasi yaliacha kulipita Bedford kwa taa. Dereva alisogea kushoto, akainua shingo, akawasha, na basi likabaki nyuma yake, likachungulia lenyewe. Mtu mmoja aliniambia alimwona akiwasha na kuzima, akiwasha na kuzima, mkono nje ya dirisha akimwashiria mtu apite, na mtu hapiti.

Mdogo wangu alirudi, akalima tangawizi. Anatembea akichechemea, na barabarani huwa anashuka kabisa kwenye majani gari likija. Nilitaka kusikia anamlaani Dereva. Aliniambia, "Dada, mimi nilikuwa nyuma yake. Taa niliiona. Sihitaji mtu aniambie." Hakulizungumza tena.

Miaka ikaenda. Kijiji kiliuza Bedford kama chuma chakavu. Mwaka ambao sukari ilikuwa ya foleni, nilikwenda Mwanga kwenye semina ya walimu, na kurudi nikapata basi lililojaa, kiti kimoja tu kitupu. Nilikaa, nikageuka, nikamkuta yeye dirishani. Alikuwa amekonda, mikono juu ya fimbo. Shikamoo ilinitoka kabla sijaizuia. Akaitikia marahaba, Mwalimu, kwa sauti iliyokaribia kulia, nami nikakasirika kwamba nimempa.

Kabla ya kufika Same tulikuta lori la magogo mbele yetu, linajikongoja. Lilisogea kushoto, likawasha taa ya kushoto. Dereva wa basi hakupita. Mzee akaanza kutikisa goti. Mwishowe akashindwa kujizuia, akasema kwa nguvu kwamba kijana amepewa njia, mbona hapiti. Kondakta, mvulana ambaye hakutujua hata mmoja, akageuka akamjibu kwa adabu.

"Mzee, taa hiyo kwenye barabara hii ilishamfunga mtu. Sisi tunapita kwa macho yetu."

Goti likatulia. Basi lilichungulia, likachungulia tena, likapita. Tulikwenda mwendo mrefu. Kisha akainama kuelekea sikioni kwangu mpaka nikasikia harufu ya ugoro wa mtu mwingine kwenye koti lake, pengine koti la kurithi, na akaongea kwa sauti ya chini kabisa.

"Siku ile hukusinzia, Mwalimu."

Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miaka yote. Nilidhani yakija nitalia au nitamsamehe, au vyote viwili. Nilihisi baridi tu. Alikuwa ananirudishia mali yangu gizani, mkono kwa mkono, ili asionekane na mtu.

"Sema kwa sauti," nikamwambia. "Hawa wote hawakujui. Anza na hawa, kesho useme kijijini."

Alitazama abiria. Alimtazama kondakta. Nikaona midomo yake inajiandaa, na nakiri moyo wangu ulipanda, nikawa tena yule wa kiti cha pili anayengoja mzee atazame mbali kisha abonyeze. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho. Pumzi zake zikawa ndefu na za mpangilio. Kope zilikuwa zinacheza.

Tulifika Same. Watu wakashuka, nami nikashuka. Kondakta alirudi ndani kukagua viti, akamwona mzee, akanyoosha mkono kumgusa bega.

"Mwache," nikamwambia kutoka mlangoni. "Huyo hajalala."